Maneno ya Siku ya Zawadi

Runingu, 12 Februari 2023

Binti yangu Laure,

Amani ya Bwana iwe nawe na shangazi yako Annie pale Kilibula. Sisi hapa tuko wazima. Mpunga umeshika maji vizuri, na mbuzi amezaa wawili.

Mama Ninahazwe anayekuletea barua hii anakuletea pia mfuko. Ndani mna kitenge cha buluu chenye maua meupe, cha wamama kumi na mmoja wa kwaya yetu. Walitaka kumpa fundi wa barabarani. Nikasimama baada ya misa nikasema: "Mtoto wangu anajifunza ushonaji Uvira, huu ni mwaka wake wa pili. Kwa nini kitambaa chetu kiende kwa mgeni?" Wakapiga makofi. Sikuyasikia, lakini niliyaona.

Vipimo viko kwenye karatasi iliyofungwa kwa uzi. Mama Nizigiyimana ameandika kiuno kidogo kuliko alicho nacho. Weye umwongezee bila kusema. Nguo zinatakiwa kabla ya Pasaka.

Watu hawaachi kunisumbua ninunue simu. Simu ni kitu cha masikio, na yangu yalikwenda na ile homa ya mwaka juzi. Macho Mungu ameniachia. Kwa hiyo niandikie, na uandike kwa herufi kubwa.

Baba yako,
Onesphore

*

Uvira, Kilibula, 1 Machi 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kitenge kimefika salama, hakikulowa hata pembe. Nguo zitakuwa tayari kabla ya Pasaka, uwaambie wamama wasiwe na wasiwasi. Mama Nizigiyimana ataongezewa kiuno.

Samahani kwa barua fupi. Kazi iko nyingi na mikono inachoka. Ukiona doa hapa pembeni usijali, ni mafuta. Shangazi alikuwa anakaanga ndagala.

Nawapenda wote.

Laure

*

Runingu, 16 Aprili 2023

Fundi wangu wa nguo,

Sijui nianzie wapi. Siku ya Pasaka wamama waliingia kanisani mmoja nyuma ya mwingine, na watu wote wakageuza shingo. Padri mwenyewe aliniandikia kwenye ubao wangu mdogo: "Nani alishona?" Nikamwonyesha kifua changu, maana yake ni wangu, damu yangu. Baada ya misa nilimwomba mama mmoja anionyeshe upindo, nikaupitisha kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Umenyooka kama uzi wa mwashi. Mama Nizigiyimana anatembea kama ameongezewa miaka ya kuishi.

Sasa sikiliza. Chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, nimekitoboa dirisha. Ukimaliza masomo utaweka cherehani yako pale, wapita njia wakuone ukishona. Nimekwisha kuwaambia watu wote.

Nakuombea kila asubuhi kabla ya kwenda shambani.

Baba yako,
Onesphore

*

Uvira, Kilibula, 18 Juni 2023

Baba,

Naomba ukae chini kwanza, ndipo usome.

Nguo za kwaya sikuzishona mimi. Alizishona Noella, rafiki yangu wa sentre ya ufundi. Mimi sijui kushona, labda kifungo. Niliacha darasa la ushonaji mwezi wa pili wa mwaka wa kwanza. Ninajifunza kutengeneza motere za boti. Asubuhi niko sentre, mchana niko kwenye atelie, karakana ya patroni wangu, jina lake Norbert, huko Mulongwe, karibu na mahali boti zinapoegeshwa. Lile doa halikuwa mafuta ya ndagala.

Nikuambie ilivyoanza. Unakumbuka ulipotutuma mimi na shangazi kwenye kilio Makobola? Mvua ilikuwa imekata barabara, tukapanda boti. Katikati ya maji motere ikafa. Upepo ukaanza kutusukuma mbali na nchi kavu. Wamama wakashika rozari, wakaimba. Mtu mmoja tu hakuimba. Alifungua kifuniko, akatoa buji, ile inayowasha moto ndani ya motere, akaifuta kwa shati lake, akapuliza mrija wa mafuta, akarudisha kila kitu mahali pake. Motere ikalia. Watu wote walimshukuru Mungu. Mimi pia nilimshukuru, lakini macho yangu yalibaki kwenye mikono ya yule mtu.

Ndiye Norbert. Siku tatu baadaye nilimfuata kazini kwake. Akaniambia: "Mwanamuke kwa motere? Utalia."

Nikamjibu: "Nitalia huku ninafanya."

Direktere, mkuu wa sentre, alikubali nibadilishe darasa. Shangazi anajua. Ameniambia zaidi ya mara tatu nikuandikie ukweli, na safari zote hizo niliahidi.

Kwa nini sikukuambia? Mwanzoni niliogopa. Baadaye barua zako zikawa nzuri mno. Kila ulipoandika "fundi wangu wa nguo" nilijiona kama mtu aliyekalia kiti cha mwingine, na bado nikashindwa kusimama. Lile dirisha ndilo lililonimaliza.

Sasa kuna jambo. Sentre inatoa zawadi za mwisho wa mwaka: mwanafunzi bora wa darasani, mwanafunzi bora wa atelie, na patroni bora, yaani yule anayepokea wanafunzi na kuwafundisha kweli. Jina la patroni bado wamelificha. La atelie limekwisha kubandikwa ukutani. Ni jina langu, Baba. Siku ni Jumamosi tarehe 15 Julai, na kila aliyechaguliwa anakuja na mzazi wake. Kwenye karatasi watakayokupa usome itaandikwa: motere za boti. Sikutaka uone neno hilo mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

Na kama wasingenichagua, sijui ningekuambia lini. Hilo nalo ni kweli, basi nalo naliandika.

Binti yako,
Laure

*

Uvira, Mulongwe, 2 Julai 2023

Kwa mzee Onesphore, Runingu

Mzee, salamu sana. Minye ni Norbert. Hatujuane. Minye ni ule mutu wa motere. Niliishia darasa la ine, kwa hiyo usiangalie makosa ya kuandika.

Laure iko anakuja kazini kila siku lakini iko kimya. Juzi alifunga karbirateri moja mara tatu, kitu anafanyaka hata akifumba macho. Nikamuuliza, weye iko na nini? Akasema baba hajibu. Wiki mbili.

Mzee, kosa moja ni langu, sitaki alibebe peke yake. Alipokuja kuomba kazi nilimuuliza: baba yako anajua? Akasema ndiyo. Minye nilijua ni uongo, sababu aliangalia miguu yake. Nikanyamaza. Nilikuwa nahitaji mikono, na mikono yake ilikuwa mizuri. Niko na mabinti ine nyumbani. Mutu angenifanyia vile ningekasirika sana. Kwa hiyo weye kasirika, iko haki yako. Lakini mujibu mutoto.

Na minye pia sentre imeniita tarehe ile ile kumi na tano. Barua yao iko ya Kifaransa, nimeielewa nusu. Nafikiri ni sababu ya mukubwa mumoja wa boti niliyemufukuza. Alileta motere kubwa, akasema yule mwanamuke asiiguse. Nikamwambia, hapa motere haichagui mikono, beba yako uende nayo. Alikuwa mutu muzito wa pale bandarini. Labda amenishitaki. Nitakuja kujibu.

Ni minye,
Norbert

*

Runingu, 6 Julai 2023

Ndugu Norbert,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mama Ninahazwe. Umeandika kosa lako bila kuulizwa. Hilo limenipunguzia hasira, ingawa si yote.

Nataka uelewe kinachoniuma. Si motere. Mimi nimekuwa katekista miaka kumi na tisa, na nimewaambia watu wengi kwamba kazi yoyote ya halali ni sala. Kinachoniuma ni kwamba nilisimama mbele ya kanisa nikamsifu mtu kwa kazi ya mwingine. Yule Noella alikesha na kitenge chetu, na hakupata hata neno moja la asante. Mimi kwa mdomo wangu nilimnyang'anya, bila kujua.

Jumapili iliyopita nilisimama tena, nikawaambia ukweli wote. Nilifikiri watakasirika. Walicheka mpaka nikaona meno ya nyuma. Mama Nizigiyimana alichukua ubao wangu, akaandika: "Nguo inanienea. Mengine uyapeleke mbele za Mungu weye mwenyewe." Wao wamekwisha kusamehe. Lile dirisha nililotoboa, shemeji yangu anauzia nyanya pale. Mimi ndiye ambaye bado sijatulia.

Sasa nakuuliza jambo moja, unijibu kama mbele ya Mungu. Usiniambie kwamba ana bidii. Bidii hata mbuzi wangu wanayo. Niambie: anaweza?

Onesphore

*

Uvira, Mulongwe, 9 Julai 2023

Mzee,

Kuja uangalie.

Norbert

*

Uvira, Kilibula, 22 Julai 2023

Baba mpendwa,

Ulipopanda gari kurudi uliniambia: "Niandikie yote waliyosema. Mimi niliona midomo tu." Basi kaa vizuri, leo naandika kwa herufi kubwa kweli kweli.

Naanza na Ijumaa, ingawa siku hiyo hakuna aliyetoa hotuba. Ulifika atelie na shati lako jeupe la misa. Hukunisalimu. Ulivuta benchi, ukakaa, ukaweka mikono juu ya magoti. Sikujua kama unanitazama au unanitafutia makosa. Ndipo yule mvuvi wa ndagala akaleta motere yake inayokohoa. Norbert aliniambia kwa sauti ya chini: "Minye siguse. Hata ukikosea, siguse." Akaenda kukaa juu ya pipa tupu, akanipa mgongo ili asishawishike.

Kifuniko kiliniponyoka, uliona. Nikafungua mrija, nikamwaga mafuta kidogo kwenye kopo, nikakuta maji chini yake. Hapo mikono ikatulia, kwa sababu ugonjwa nilikwisha kuujua. Nilisafisha, nikafunga, nikatumbukiza mguu wa motere kwenye pipa la maji, nikavuta kamba. Mara ya kwanza, hapana. Mara ya pili ikawaka.

Ndipo ukasimama, ukaja, ukaweka kiganja chako chote juu ya kifuniko, ukafumba macho. Nilidhani itakuunguza, nikataka kuizima. Norbert alinishika mkono. Hili hukulisikia. Alisema: "Acha. Iko anasikiliza."

Ulikaa hivyo muda mrefu. Yule mvuvi mwenye haraka naye alivua kofia, sijui kwa nini. Ulipotoa mkono neno lako la kwanza lilikuwa: "Umekula?" Mimi tangu asubuhi nilikuwa sijala.

Sasa Jumamosi.

Direktere alianza na Fiston, yule mwashi mrefu, mwanafunzi bora wa darasani. Alisema ukuta wa choo alioujenga Fiston ndio pekee uliobaki umesimama mvua zilipopita, na kwamba tangu hapo walimu wenyewe hupanga mstari kwenye choo hicho. Ndiyo sababu watu walicheka mara ya kwanza.

Halafu akasema: "Laure, binti wa Onesphore wa Runingu. Tuliwauliza wavuvi, hatukuwauliza walimu. Motere hamsini na mbili zimepita mikononi mwake mwaka huu. Zilizorudi na ugonjwa ule ule ni tatu." Watu walicheka kwa zile tatu, ndipo wakapiga makofi. Ulinigeukia kuniuliza kwa macho wanacheka nini. Ni hizo tatu. Zote ni za mwanzo wa mwaka, Baba, nakuapia.

Sanduku la vyombo vya kazi, zawadi yangu, ulilibeba weye hadi kwenye kiti. Sikukuomba. Mtu nyuma yetu alisema: "Mzee analibeba kama mtoto wa kubatizwa."

Sasa Norbert. Uliona alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na wavuvi wawili kulia na kushoto. Hujui wale walikuwa nani. Walikuwa mashahidi wake! Aliwaleta wamtetee. Direktere alipotaja jina lake aliinuka na kofia mkononi, akasema kabla hajafika mbele: "Minye siko na kosa. Ule mukubwa ndiye alikataa mutoto wa watu. Hawa wawili walisikia."

Direktere akauliza: "Kosa gani, mzee Norbert?"

"Ule mwenye boti. Si amenishitaki?"

Direktere alicheka mpaka akavua miwani. "Hakuna aliyekushitaki. Barua ilisema tunakuomba uje upokee zawadi ya patroni bora."

Norbert akabaki amesimama katikati ya viti. "Minye?"

"Weye. Kila mwanafunzi aliandika ukurasa mmoja juu ya patroni wake. Laure aliandika habari ya motere uliyoirudisha, jinsi ulivyopoteza mteja mkubwa kwa siku moja, na jinsi ulivyoendelea kumfundisha mchana ule ule kama vile hakuna kilichotokea. Tuliusoma wote."

Ndipo Norbert akanitazama, ukaniona nimeinama. Nilikuwa sijamwambia. Alijipangusa uso kwa kofia, ile yenye grisi, akabaki na mstari mweusi kwenye paji. Nafikiri ndipo na weye ulipocheka.

Walimwomba aseme neno. Aliyosema ndiyo haya, yote: "Minye nilifundishwa kazi na mutu aliyenipiga. Alikuwa fundi mukubwa, alijua yote, lakini kila kosa lilikuwa kofi. Niliogopa motere miaka mingi sababu ya yule mutu. Nikasema nikipata mwanafunzi nitamufundisha kwa mudomo. Basi. Huyu akaja, nikaona mudomo unatosha. Aksanti. Wavuvi hawa wako na kazi, muwaache waende."

Na weye, Baba. Hakuna aliyekuita. Ulisimama baada yake na kusema kwa sauti kubwa sana, maana hujui tena ukubwa wa sauti yako: "Noella iko wapi?" Watu waligeuka. Alikuwa upande wa madirisha pamoja na wenzake wa ushonaji, hakuna aliyekuwa amemtaja siku nzima. Wakamsukuma mbele. Ukasema: "Nguo kumi na moja. Upindo hata mmoja haujafumuka. Kanisa la Runingu linakushukuru, mwanangu." Hayo unayajua, ni maneno yako. Usilolijua ni kwamba Noella alisema, mkono kwenye mdomo: "Kumbe walizipenda." Alirudia mara mbili. Na direktere alimwinamia sekretere akamwambia: "Mwaka kesho tuwaulize pia waliovaa."

Hayo ndiyo yote yaliyosemwa. Norbert ameniomba nibaki kwake kama mfanyakazi, nikimaliza mtihani wa mwezi huu. Nimekubali, lakini nilimwambia nitakuandikia kwanza.

Kuna kitu kimoja weye hukukisema, wala kwa mdomo wala kwa ubao. Umenisamehe?

Binti yako,
Laure

*

Runingu, 6 Agosti 2023

Binti yangu Laure,

Nimeisoma barua yako mara nne, na mara ya tano nimewasomea wamama wa kwaya. Kwenye habari ya choo cha Fiston walinisimamisha nirudie.

Umeuliza kama nimekusamehe. Mtu akiwa bado na hasira haulizi kama umekula. Lakini kwa kuwa unataka iandikwe, naiandika: nimekusamehe. Usinidanganye tena. Mimi nimebakiwa na karatasi tu, na karatasi ikidanganya sina pengine pa kwenda.

Bakia kwa Norbert. Mwambie nilipouliza swali langu alinijibu vizuri.

Sasa habari ya hapa. Jana mama Nizigiyimana alikuja na binti yake Ushindi, yule aliyemaliza shule mwaka jana. Alichukua ubao, akaandika: "Mwandikie direktere wa Uvira amchukue huyu. Ushonaji." Na mimi, Laure, nilikwisha kushika kalamu. Niliandika tarehe, salamu na neno ushonaji. Ndipo nikamtazama yule msichana. Alikuwa anaangalia miguu yake.

Nikafuta ubao kwa mkono wa shati, nikampa Ushindi chaki. Mama yake alitaka kumsaidia, nikamzuia. Nikamwambia: "Andika weye mwenyewe unachotaka. Mimi siwezi kukusikia, basi huwezi kunong'ona."

Akaandika neno moja, akanigeuzia ubao haraka kabla mama yake hajaona: uashi.

Nililisoma kwa sauti, na mama Nizigiyimana akashika kichwa kwa mikono miwili. Alisema maneno mengi, na kwa mara ya kwanza tangu ile homa nilifurahi kwamba siyasikii.

Nikachana ile karatasi ya kwanza, nikaingia ndani kutafuta nyingine.

Baba yako,
Onesphore